Wenye Miwani na Kabati la Maktaba

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Habari kubwa! Kabati la kioo la maktaba ya mtaa wetu hapa Acocks Green, huku kwa Waingereza, lile lililo mlangoni kabisa, linatafutiwa mtu wa kulijaza mwezi wa Novemba. Rupinder katangaza leo kwenye mkutano wa wakusanyaji. Rupinder ndiye mwenyekiti wetu. Mama wa Kipunjabi, dereva wa basi mstaafu, na hapindiki. Kasema yeyote anaweza kuomba, awe na stempu, vijiko au vifungo vya makoti. Sharti ni moja. Mkusanyo uwe umekamilika. Hataki watu waje maktaba kutazama mapengo. Atatoa uamuzi baada ya wiki mbili.

Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Nikatangaza kwamba nitaleta kadi zangu za besiboli za mwaka 1957. Seti nzima! Zaidi ya kadi mia tatu, zote safi, kona kali kama wembe. Ukumbi ukanyamaza. Kwa heshima, nadhani.

Ukweli ni kwamba nina kama nusu. Zilikuwa ndani ya bati la biskuti nililonunua mwezi wa nne, kwenye soko la Jumapili la wale wanaouza vitu vyao kwenye buti za gari. Mimi nililitaka bati. Kufungua, ndani wamejaa Waamerika! Wamevaa kofia, wanacheka, nyuma yao nyasi na mbingu ya buluu. Niliwapenda papo hapo. Besiboli yenyewe siijui. Sijaona mchezo hata mmoja. Haihusiani.

Shemsa, mke wangu, kauliza kwa nini nimetangaza kitu nisichokuwa nacho. Nikamweleza kuwa hiyo ndiyo maana ya lengo. Kasema kama nina hamu ya makabati, la jikoni halina bawaba tangu Ramadhani.

Shemsa haoni mbali.

Jumatatu, 6 Oktoba

Maisara, binti yetu, yuko chuo kikuu hapahapa mjini. Kiswahili anakielewa chote ila hujibu kwa Kiingereza, hata akisalimiwa na bibi yake. Jioni alinitafutia mtandaoni kadi ninazokosa. Nyingi zinapatikana. Lakini kuna moja, kijana kaweka gongo begani na kukunja uso, inauzwa kwa bei ya gari. Nikauliza gari la namna gani. Kasema jipya.

Nililala chali juu ya zulia kwa muda. Shemsa akanipita mara mbili na fagio bila kuuliza chochote.

Kisha nikaona mwanga. Seti nzima ni ushamba! Kila mtu anataka seti nzima. Mkusanyaji wa kweli huchagua timu moja, akaijua nje ndani. Lengo jipya basi: timu ya P. Nawaita hivyo kwa sababu wana P kwenye kofia. P ya nini, nitajua mbele ya safari. Nikawapanga mezani, na lo! Timu karibu yote ninayo. Kakosekana mmoja tu. Ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma na ngao kifuani. Namba 114, Lucius Tolliver.

Mtandaoni yupo mmoja tu, na anayemuuza hatumi nje ya Amerika.

Nilimpigia simu Rupinder kumjulisha kuwa nimeboresha lengo. Kasema vizuri, mradi liwe limekamilika. Nikamwambia limekamilika kabisa, isipokuwa pale lisipokamilika. Simu ikakatika. Mtandao wa upande huu mbovu sana.

Sina wasiwasi. Tolliver mwingine najua aliko. Yuko kwa Mugambi.

Jumatano, 8 Oktoba

Mugambi ni Mkenya, mtu wa Meru, nesi, anakaa mtaa wa nyuma yetu. Kwenye kadi nimemwingiza mimi mwenyewe. Mwezi wa tano nilimgawia bunda la kadi zilizokuwa juujuu kwenye bati ili nipate mtu wa kumshinda. Kosa kubwa! Mtu huyu hashindani. Anaweka anazozipenda, basi. Nilipomuuliza anakusanya nini hasa, kasema wale wenye nyuso nzuri. Huo si ukusanyaji. Huo ni uvivu wenye albamu.

Leo nilikwenda kwake baada ya kazi. Nilichukua kadi sita za kubadilishana naye, na bakuli la kashata za Shemsa ambazo Shemsa alikuwa kawawekea wageni wengine. Mpango ulikuwa hivi: kashata kwanza, hadithi za mpira pili, Tolliver mwisho, tena kwa sauti ya mtu asiyejali.

Mugambi kala kashata mbili. Nikamtaja Tolliver. Akaacha kutafuna.

"Bwana Mwadini, huyo siwezi nikapeana," kasema. "Chukua wengine wote ukitaka. Huyo wacha."

Nikamwambia kwa nia njema kuwa Tolliver si mzuri kiasi hicho. Ana masikio makubwa.

"Hayo masikio ndiyo maneno yenyewe. Hayo ni masikio ya baba yangu."

Basi akanieleza. Baba yake alifariki Mugambi akiwa kidato cha pili. Picha yake ilikuwa moja tu, ile ya kwenye kitambulisho, na kitambulisho kikarudishwa serikalini baada ya mazishi. Hapakuwa na nyingine. Mugambi ana miaka zaidi ya arobaini sasa, na sura ya baba yake ilikuwa imeanza kumtoka kichwani, kidogo kidogo. Siku nilipompa lile bunda alikuwa anazipitia jikoni huku maji ya chai yanachemka. Akafika kwa Tolliver. Masikio yale, pengo la meno ya mbele, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza jambo la mbali. Maji yakachemka mpaka sufuria ikakauka.

Alimtumia shangazi yake picha kwa simu, huko Meru. Shangazi akapiga simu papo hapo. Kisha akacheka. Akauliza ni nani amemvisha kaka yake nguo za namna ile.

Nilitoka pale machozi yananilenga. Bakuli nikalisahau. Ama kweli Mugambi ni mtu mwema, na lile ni jambo takatifu, na mimi si mtu wa kuligusa.

Nimefika kona ya mtaa wetu nikaanza kufikiri. Kama anachotaka ni sura tu, si atatosheka na nakala?

Alhamisi, 9 Oktoba

Nilimpigia Mugambi saa ya mapumziko. Nikamweleza juu ya nakala ya rangi, karatasi ngumu, kubwa kuliko kadi yenyewe, fremu juu yangu. Alikataa kwa upole wa kinesi. Nadhani hutumia sauti hiyohiyo kwa wagonjwa wanaotaka kutoroka wodini.

Basi timu ya P imekwisha. Na kusema kweli sikuwahi kuwapenda. Wana kiburi.

Mimi naendesha foklifti kwenye ghala la vigae, Nechells. Leo nilimwonyesha Elmi kadi zangu. Elmi ni Msomali, tunafanya kazi pamoja, mpole, haulizi maswali ya kijinga. Leo kauliza kwa nini wanaume hawa wote wameshika miti ya kusukumia chapati. Nilikuwa namweleza, nikitazama mikono yao, ndipo likanijia.

Wa mashoto! Mkusanyo wa wachezaji wa mkono wa kushoto. Nani amewahi kufikiria hilo? Glavu lile kubwa la ngozi, mtu atalivaa mkono gani kama si mkono wenye nguvu? Nikatenga wote wenye glavu mkono wa kushoto. Wako wengi mno! Sikujua Amerika ina watu wa mashoto kiasi hiki. Labda ni maji. Nimepata rundo zima, na hakosekani hata mmoja, maana nimewachukua wote nilionao.

Nimekamilisha! Kesho kwa Rupinder.

Ijumaa, 10 Oktoba

Niliomba ruhusa kazini. Baada ya sala ya Ijumaa nikaenda kwa Rupinder na kanzu yangu nzuri, wenye mashoto wangu kwenye albamu mpya. Katandika kitambaa mezani, kavaa miwani yake ya kusomea. Kafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kaenda jikoni. Nilidhani anakwenda kuleta chai.

Karudi na glavu la kutolea vyombo kwenye oveni. Kalivaa mkono wa kushoto. Kachukua chungwa, kanirushia, kasema nimrudishie. Nikamrushia. Kalidaka kwa glavu. Kisha akalitoa kwa mkono wa kulia, akanirushia tena kwa mkono huohuo wa kulia, kwa nguvu, mbavuni.

Akaningoja.

Ilinichukua muda. Glavu ni la kudakia. Mkono ulio huru ndio wa kurushia. Watu wangu wote wa mashoto ni wa kulia! Na wa kulia, kasema Rupinder, ndio karibu seti nzima, nami nusu yao sina.

Alinipa lile chungwa nikaondoka nalo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mvua. Nimekaa dirishani na blanketi. Shemsa kaniletea uji wa pilipili manga, kakaa nami, hakusema neno la kabati. Mke mwema. Kasema tu kwamba anaona hawa jamaa zangu wananifurahisha nikiwa nawatazama, ila nikianza kuwahesabu nakuwa na sura ya mtu aliyepoteza pasi ya kusafiria.

Maisara alikuwa kwenye kochi na simu yake. Kaona huruma, au kachoka na kuguna kwangu. Kasema kwa Kiingereza chake kwamba katika seti yote ile kuna wachezaji watano tu waliovaa miwani, kasoma mahali, kwa nini nisikusanye hao. Nadhani ulikuwa mzaha.

Blanketi nikalitupa chini!

Watano! Nikamwaga kadi zote. Mmoja huyu. Huyu wa pili, kama karani wa benki. Wa tatu. Wa nne, miwani imeteleza mpaka puani. Ninao wanne! Shemsa kawashika mmojammoja na kuwatazama kwenye mwanga. Kasema hawa amewapenda, wote wamekaa kama walimu wa skuli. Kasema huyu wa nne angemwamini hata kumwachia mtoto. Sijawahi kumsikia Shemsa akisifu kadi.

Huyu wa tano sijui aliko. Nilimpigia Mugambi kumpeleleza bila kumshtua. Nikamuuliza kama nyumbani kwake kuna mtu yeyote mwenye matatizo ya macho. Kasema hapana, na kama mimi ninayo atanipangia nikapimwe. Basi hanaye. Safi.

Kesho ni maonyesho ya wakusanyaji, Moseley. Lengo jipya, na hili halibadiliki: Wenye Miwani.

Jumapili, 12 Oktoba

Nitaandika haya kwa utulivu.

Ukumbi wa Moseley ulijaa. Meza ya Rupinder ilikuwa karibu na dirisha, na juu yake sanduku la kadi mchanganyiko. Nikaanza kuzipekua. Ya saba au ya nane hivi, huyu hapa! Miwani ya duara, kofia imekaa mshazari, kashika gongo kama mtu aliyeombwa kushika mwavuli wa mwenzake. Wa tano!

Nusura nipige kelele. Lakini mimi si mtoto. Ukionyesha hamu, bei hupanda. Nikamrudisha sandukuni, nikapiga miayo. Nikaondoka zangu kutazama mabirika. Nikamsikiliza mzee wa vifungo akinieleza habari za vifungo vya jeshi la majini, vyote. Nikala keki ya karoti. Kila mara nikijipitisha pale mezani, nalitupia sanduku jicho la pembeni, nasonga mbele. Kazi safi kabisa.

Niliporudi kununua, hayupo.

Rupinder kasema kamchukua rafiki yangu. Rafiki gani? Yule Mkenya mrefu, kasema, ametoka sasa hivi. Nikakimbilia dirishani. Mugambi huyo, anavuka barabara kuelekea kwenye migahawa, anamtia mtu wangu wa tano kwenye mfuko wa shati!

Sasa naelewa kila kitu. Maswali yangu ya macho yalimfumbua. Ule upole wote, chai, habari za sufuria. Mugambi analitaka kabati!

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimefanya jambo la lazima. Nilimpigia Rupinder asubuhi kabla ya zamu. Nikasema sipendi kumsema mtu, nampenda Mugambi kama ndugu, lakini kwa sababu ya heshima ya chama chetu ni lazima aitazame kadi yake ya Tolliver. Rangi zake zinang'aa mno. Inawezekana imechapishwa juzijuzi. Nikasema si mimi niliyesema. Kauliza basi ni nani. Nikasema ni mimi, lakini asiseme.

Kasema atapita kwake.

Nilijisikia vizuri sana mpaka saa ya chakula. Kisha si vizuri sana. Elmi kauliza kama naumwa. Nikasema nimekula vibaya. Kasema sijala kitu. Akanigawia sambusa zake mbili, nikazila zote, na bado sikupona.

Jumanne, 14 Oktoba

Balaa. Mugambi kamrudishia Shemsa bakuli la kashata, tena kalijaza karanga za kukaanga. Shemsa kafurahi, kamwalika chakula cha usiku Alhamisi. Nikasema Alhamisi haiwezekani. Kauliza kuna nini Alhamisi. Nikasema kuna mambo. Kasema nyama ya biriani imeshatiwa mtindi.

Ukishafika kwenye mtindi hakuna rufaa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mugambi kaja mapema, kavaa koti, kanyoa. Kaanza kula kabla mimi sijapata pa kuweka mikono. Kamsifu Shemsa kwa biriani mpaka Shemsa akacheka kwa sauti. Mimi nilikuwa natafuna kila punje peke yake.

Kisha kafuta vidole, katia mkono mfukoni, katoa bahasha.

"Hii ni yako," kasema. "Nilikuona Jumapili ukirudisha hii kadi kwa sanduku, halafu ukizunguka ile meza kama paka wa buchari. Unaangalia, unaenda. Unaangalia, unaenda. Nikasema, huyu bwana anaona haya kununua, na kuna mzee mwingine pale alikuwa ameanza kuguza-guza hiyo sanduku. Nikaichukua mbio."

Miwani ya duara. Kofia mshazari. Wa tano!

Maisara kapiga makofi. Shemsa kamwombea Mugambi baraka, kisha akanitazama mimi, kwa sababu sikuwa nimesema hata asante. Nikasema asante. Ilitoka nyembamba.

"Ngoja, bado," kasema Mugambi. "Mimi ndiye wa kushukuru. Rupinder alikuja kwangu jana na lenzi yake. Akasema ni wewe umemwambia aje aangalie kadi ya baba."

Kijiko kilinianguka. Nikainama kukitafuta chini ya meza, na nikakaa huko kadiri ilivyowezekana.

Mugambi akaendelea kusimulia, mimi nikiwa chini. Rupinder kaikagua kadi kwenye mwanga wa dirisha, mbele, nyuma, pembeni. Kasema ni halisi, hakuna shaka hata kidogo. Kisha kamuuliza kwa nini anaiweka peke yake kwenye ukurasa mzima. Mugambi akamweleza habari za baba yake. Rupinder akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji. Akasema aombe kabati. Mugambi akacheka, akasema ana kadi moja tu ya maana, huo si mkusanyo. Rupinder akamuuliza: je, kuna kadi nyingine ya baba yake anayoitafuta? Hakuna. Basi, kasema Rupinder, umekamilika.

"Mimi singewahi kumwonyesha mtu," kasema Mugambi nilipotokeza kichwa. "Ni wewe ulifanya hivyo, bila hata kuniambia. Mwadini, wewe ni mtu."

Nikasema si kitu. Nikasema yeyote angefanya. Nikaongeza, sijui kwa nini, kwamba nilikuwa nalifikiria jambo lile kwa muda.

Mugambi alipoondoka Shemsa kabaki mlangoni, mikono kifuani. Kauliza swali moja tu. "Baba Maisara, ulimpeleka yule mama kwa wema?"

Niliosha vyombo vyote. Hata sufuria ya biriani, kwa mkono.

Jumapili, 19 Oktoba

Uamuzi leo. Walioomba walikuwa watatu: mzee wa vifungo, Mugambi na mimi. Mzee wa vifungo kakiri mbele ya watu kwamba hana kifungo kimoja cha nahodha, kakitafuta miaka yote, akatolewa. Kaondoka kichwa juu. Nilimwonea fahari.

Rupinder kawapitia wenye miwani wangu kwa lenzi. Kahesabu watano. Kawarudia tena. Nilikuwa tayari kwa chungwa lolote. Kasema umekamilika! Mbele ya watu wote! Mimi, Mwadini, nimekamilisha kitu!

Kisha kasema lakini kabati kampa Mugambi.

Nilijikuta nimesimama. Nilikuwa na hotuba, nzuri, juu ya watano dhidi ya mmoja, hesabu ya mtoto wa skuli. Nilikuwa nimeshasema "Ndugu mwenyekiti" nikamwona Mugambi. Kashika albamu yake kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga, na kageuka kunitafuta mimi kwanza. Anacheka kwa meno yote. Ana pengo lilelile. Sikuwahi kuliona.

Nikasema, "Ndugu mwenyekiti, uamuzi mzuri," nikakaa.

Mugambi kanyoosha mkono kuuliza kama kabati lina rafu ngapi. Rupinder kasema mbili. Mugambi kasema baba yake hakuwahi kupenda kukaa peke yake, alikuwa mtu wa wageni. Je, walimu wale watano hawawezi kukaa rafu ya chini?

Wote wakanitazama. Nikasema nitafikiria. Nikafikiria mpaka Rupinder alipofungua mdomo, nikasema ndiyo.

Jumamosi, 1 Novemba

Kabati limefunguliwa! Taa ndogo ndani, kioo kimepanguswa. Juu yuko Lucius Tolliver peke yake kwenye kitambaa cha kijani, kichwa upande, anasikiliza. Chini wako wangu, watano, wamejipanga kama kamati ya skuli. Kibao cha maelezo kina jina la Mugambi, na chini yake jina langu. Herufi zake na zangu ni ukubwa mmoja. Nilipima kwa kidole.

Mugambi kavaa suti ya kanisani. Kampigia shangazi yake kwa video, akaweka simu kwenye kioo. Mama mzee, kilemba cha buluu, yuko jikoni kwake Meru na kuku nyuma. Katazama. Hakulia. Akaanza kumsemesha Kimeru, taratibu, maneno mengi, kama unavyomsemesha mtu aliyechelewa kurudi nyumbani. Mugambi hakututafsiria na hatukuuliza. Maisara kashika mkono wa mama yake. Rupinder kageuka kusoma tangazo la darasa la ufinyanzi.

Kisha shangazi kauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu, hao wenye miwani hapo chini ni nani.

"Hao ni watu wa Mwadini, rafiki yangu," kasema Mugambi.

Shangazi kasema wana adabu, niwasalimie. Nikasema watafurahi.

Watu walipita asubuhi yote. Wengi walisimama kwa Tolliver. Lakini bibi mmoja na kigari chake cha sokoni kainama mpaka rafu ya chini, kavua miwani yake, kawatazama wangu, kaivaa tena, kawatazama. Kacheka peke yake, kaenda zake. Sijui kaona nini. Nimefurahi mpaka sasa.

Tulikaa nje kwenye benchi, jua dogo la Novemba, sote watano na Rupinder. Hapana, wanne na Rupinder. Shemsa katoa ndizi mkobani, katugawia. Sikuwa na hamu ya kitu chochote duniani. Nilikuwa nimetosheka. Nikamwambia Shemsa hivyo, kwamba nimetosheka, kwamba mambo ya malengo yamekwisha. Kasema alhamdulillahi.

Nikamenya ndizi. Kibandiko chake kikanigandia kidoleni. Cha buluu, picha ya kasuku, maandishi ya dhahabu kuzunguka. Nikakitazama. Kizuri! Nikamwomba Maisara kibandiko cha ndizi yake. Cha manjano, hakina kasuku, kina mnazi.

Hebu nifikirie. Kila tunda linaloingia nchi hii lina kibandiko chake. Maembe, machungwa, maparachichi, yote. Na watu wanavitupa! Hakuna mtu aliyewahi kuvikusanya vyote. Kabati la mwakani liko wazi. Lengo: vibandiko vyote vya matunda yote, dunia nzima. Seti kamili.

Tulipofika taa za barabarani nikaona matunda ni mengi mno. Ndizi tu, basi. Mkusanyaji wa kweli huchagua tunda moja.

Tulipofika mlangoni: vya ndizi, vyenye ndege tu.

Shemsa asijue. Rupinder asijue mpaka niwe nimekamilisha. Na zaidi ya wote Mugambi asijue, maana atanitangulia bila hata kutaka. Nimempigia simu sasa hivi kumweleza yote, na kaahidi hatamwambia mtu. Ana viwili tayari.